Barua ya Malalamiko Kuhusu Sarafu ya Dhahabu Iliyotajwa kwa Jina la Kaisari Asiyehusika

Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Mnada wa Sarafu za Kale,
London, Uingereza.

Ndugu Meneja,

YAH: SOLIDUS YA VALENTINIAN WA TATU ILIYOUZWA KAMA AUREUS YA VALENTINIAN WA KWANZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika mnada wenu wa mwezi uliopita nilinunua sarafu ya dhahabu ya Kirumi ambayo katalogi yenu, pamoja na hati mliyoiambatanisha, zinaitaja kuwa aureus ya Valentinian wa Kwanza, aliyetawala kuanzia mwaka 364 hadi 375. Sidai kwamba ni ya bandia. Ninacholalamikia ni kuuziwa kaisari mmoja kwa jina la mwingine.

Kosa la kwanza ni dogo, ingawa kwa kampuni ya minada linashangaza. Sarafu hii ina uzito wa gramu 4.4, nao ni uzito wa solidus, sarafu ya dhahabu iliyochukua nafasi ya aureus, ambayo tangu enzi za Kaisari Constantine ilifuliwa 72 kutoka ratli moja ya Kirumi. Aureus ya Kaisari Nero, baada ya uzito wake kupunguzwa mwaka 64, bado ilizidi gramu 7.

Kubwa zaidi ni jina. Hati yenu imenakili maandishi ya upande wa sura kuwa D N VALENTINIANVS P F AVG, ilhali katika picha yenu wenyewe, ukiikuza kidogo, herufi PLA zinasomeka wazi baada ya D N. Hizo ni kifupi cha Placidus, jina la Valentinian wa Tatu, mwana wa Galla Placidia, aliyetawala Milki ya Roma ya Magharibi kuanzia mwaka 425 hadi 455. Upande wa pili kaisari amemkanyaga nyoka mwenye kichwa cha binadamu, taswira inayojulikana sana katika sarafu zake.

Ofisa wenu alinijibu kwamba AVGGG, inayosomeka katika maandishi ya upande huo wa pili, humaanisha Augusto (cheo cha kaisari) watatu, yaani Valentinian wa Kwanza, Valens na Gratian. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama G hizo tatu zisingeendelea kupigwa kwa mazoea hata pale Augusto walipokuwa wawili. Isitoshe, hata kama PLA ingekuwa imefutika, herufi R na V zilizo kando ya kaisari zinaonyesha kwamba sarafu ilifuliwa Ravenna, mji wa Italia, na Ravenna ilianza kufua dhahabu wakati wa Kaisari Honorius, aliyehamishia makao yake huko mwaka 402, miaka mingi baada ya Valentinian wa Kwanza kufariki.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe fedha zote, pamoja na gharama za usafirishaji na bima, ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Sarafu nitairejesha ikiwa ndani ya kifuko chake, pamoja na hati. Naomba pia katalogi isahihishwe kabla sarafu haijauzwa kwa mtu mwingine.

Wenu,
Mnunuzi wa sarafu iliyotajwa