Chungulia hotipoti kwanza

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Hapa Tanga sote wazima, isipokuwa baba yako na goti lake lile lile. Umeniambia wamekuhamishia wodi ya wanaume na vitanda vingi ni vya wenye kisukari. Basi nikusimulie kosa langu mwenyewe, maana hili sijawahi kukwambia.

Mwaka wangu wa pili kazini, zamu ya asubuhi, nilimchoma mzee mmoja insulini, dawa ya kushusha sukari ya damu, ile angavu kama maji, saa moja kamili. Faili lilisema nusu saa kabla ya kula, nami nikafuata faili. Sikuuliza chakula kiko wapi. Kumbe kilikuwa kwenye daladala, mapajani mwa binti yake, na mvua imefunga barabara. Saa mbili na nusu nikamkuta fulana imelowa chapachapa, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu mkewe. Kipimo cha sukari ya damu kikasoma 2.1, chini mno. Bahati alikuwa anameza vizuri. Nikamkorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikangoja dakika 15, nikapima, nikarudia, mpaka ikavuka 4. Halafu nikaomba mkate kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, maana sukari ya kijiko haikai. Angekuwa amezimia nisingemtia kitu mdomoni. Hapo ni kumwita daktari na dripu ya glukosi mara moja.

Tangu siku ile sindano ya chakula siichomi mpaka nikione hicho chakula kwa macho yangu. Nilikuwa nafunua hotipoti. Na ukifunua utaona mengi: wali umeshindiliwa hadi mfuniko haufungi, mchicha kijiko kimoja pembeni. Usimgombeze aliyeleta, ameamka saa kumi kupika. Chukua sahani upakue naye akiona: mboga nusu, wali au ugali robo, samaki au maharage robo. Watakwambia "lakini hii ni dona, sista." Dona ni bora kuliko sembe, ila nayo ni wanga, na mlima wa dona ni mlima tu. Juisi ya embe, hata kama wameikamua wenyewe, irudi nyumbani.

Usiandike "amekula" kwa kuwa sahani imerudi tupu. Paka wa wodi nao hula. Muulize mgonjwa, mtazame mdomo. Wapo wanaoacha chakula kwa vidonda vya ulimi au meno mabovu na wanaona haya kusema. Akiacha nusu, daktari ajue kabla ya sindano inayofuata.

Na Ramadhani inakuja. Anza sasa kuwauliza nani ana nia ya kufunga, dozi zipangwe mapema. Wazee watakuficha, waulize wake zao.

Nimekutumia dagaa kwa basi la kesho asubuhi. Nenda stendi kabla ya zamu, maana kondakta yule husahau.

Mama yako