Kwa mdogo wangu, uliyekataa kunawishwa

Mdogo wangu,

Salamu nyingi sana. Sisi huku Muheza hatujambo, mvua imenyesha vizuri, na wanangu hawaachi kukuulizia. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, na urefu wake ule, huku nikikuna nazi. Unauliza kwa nini watu wa kwetu hawaguswi dini zao hata kidogo bila kununa. Unasema wewe ulisema kweli tu, na mwenye imani thabiti haumizwi na kweli. Halafu ukamalizia kwamba mimi, dada yako wa tumbo moja, nilikuacha nikashika upande wa wengine.

Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu na wewe ulisema mbele za watu.

Ile arobaini ya Bibi haijanitoka. Wanaume mmekaa majamvini uani, dua imeshasomwa, sinia za pilau zinatoka jikoni, mimi niko mlangoni nazipokea na kuzipitisha. Mjomba anazunguka na birika na beseni, taulo begani, ananawisha watu. Kazi hiyo ni ya vijana, na vijana walikuwepo tele, lakini aliishika mwenyewe kwa kuwa aliyekufa ni mama yake. Ndipo ukasimama. Hakuna aliyekupa nafasi ya kusema. Ukasema zile dua hazimfikii, Bibi amekufa hajamjua Bwana, na tusidanganyane kuhusu aliko. Shehe akainamisha kichwa. Wazee wakatazamana. Mjomba hakujibu kitu, akaendelea kunawisha, mtu baada ya mtu, mpaka zamu yako. Akapiga magoti yake yale mabovu, akaweka beseni mbele yako, akasema, "Nawa, baba." Ukarudisha mikono nyuma ukamwambia huli nyama iliyosomewa.

Yale maneno naweza kukusamehe. Ulikuwa umetoka kwenye maombi ya kufunga, kichwa kimejaa mahubiri, kijana huwa hivyo. Ile mikono uliyoirudisha nyuma ndiyo inayonishinda.

Nyama iliyosomewa! Nani alikuwa akishika miguu ya mbuzi wa Krismasi pale nyumbani? Si wewe? Mjomba alikuja alfajiri na kisu chake amekifungia kwenye gazeti, mbuzi akaelekezwa kibla, bismillahi, mambo yakaisha, akanywa chai yake na mihogo akaenda zake. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mjukuu wa mtu aliyebatizwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA pale Magila, na kisu cha kuchinjia alikuwa nacho chake. Hakuwahi kumchinja mbuzi wa Krismasi mwenyewe. Alimwita shemeji yake ili Bibi ale, ili majirani wale, ili asiwepo mtu kwenye ua wetu wa kukaa pembeni na sahani tupu. Wewe ulikulia kwenye meza hiyo, mifupa yako imekomaa kwa nyama hiyo, na hakuna pepo aliyekuingia.

Najua haya yalikuanza wapi. Ulikuwa Mwanza wakati ule ugomvi wa Wakristo na Waislamu juu ya nani achinje ulipopamba moto kule Kanda ya Ziwa. Februari 2013, kule Buseresere, Geita, ugomvi huo ulifika mpaka mchungaji akauawa. Miezi michache kabla, Oktoba 2012, watoto wawili walibishana Mbagala, Dar es Salaam, juu ya msahafu, mmoja akaukojolea, na kabla juma halijaisha makanisa yamevamiwa na kuchomwa. Uliponipigia simu siku zile ulikuwa unalia, nami nililia. Mchungaji alikuwa mtu wa watu, ana mke na watoto, na hakuna tafsiri ya dini inayohalalisha damu yake. Lakini angalia ulichojifunza wewe kwenye yale yote. Mimi nilijifunza kwamba jambo hili linaweza kuua, basi tulishike kwa mikono miwili. Wewe ulijifunza kwamba wale ni watu wa hasira, basi tuwaambie zaidi.

Sasa swali lako. Kwa nini wanaumia? Kwa sababu ukigusa dini ya mtu umegusa wafu wake. Mjomba hakusikia hoja juu ya wokovu. Alisikia kijana aliyembeba mgongoni akimwambia mama yake yuko motoni, ilhali wanawake waliomwosha bado wamekaa ndani. Ungekuwa wewe? Angesimama mtu kwenye misa ya Baba akasema zile sala ni kelele, Baba kaabudu mtu badala ya Mungu maisha yake yote, ungemjadili kwa aya? Ungemrukia.

Na hilo si la kubuni. Unakumbuka Baba alivyorudi sokoni siku ile ya mhadhara? Ulikuwa mdogo, ila ulikuwepo. Miaka ile ya 80 kwenda 90 mihadhara ilikuwa kila mji, vipaza sauti juu ya meza, mhadhiri ameshika Biblia anasomea watu kwamba Yesu si Mungu na Wakristo hawakijui kitabu chao, na umati unaitikia takbiri. Baba alipita na kikapu chake cha dagaa. Alifika nyumbani mikono inatetemeka, akafunga madirisha yote na joto lile, akakaa na Biblia mapajani bila kuifungua. Mwalimu mzima, aliyesomesha nusu ya wilaya. Na unajua nani alikwenda sokoni kesho yake akawaambia wale watu wahamishe vipaza sauti vyao, kwa kuwa kuna wazee wa watu wanapita? Mjomba. Kwa hiyo usiniambie imani thabiti haiumizwi. Ya Baba ilikuwa thabiti kuliko yangu na yako.

Liko na jingine ambalo nyinyi wa siku hizi hamlijui. Mjomba hakusoma. Wewe humwona mzee asiyejua kusaini jina lake ukadhani ni ujinga tu. Enzi za mkoloni shule za huku nyingi zilikuwa za misheni, na Babu aliogopa kwamba akimpeleka mwanawe shule atarudi ana jina la ubatizo. Akamweka chuo cha Kurani kwa maalimu. Shule zilipotaifishwa mwaka 1969 Mjomba alikuwa mtu mzima, ana mke na jembe. Baba yetu akawa mwalimu, mwenye mshahara na baiskeli, yeye akabaki kubebea watu machungwa. Bei ya kubaki Mwislamu alilipa yeye mwenyewe, kwa maisha yake yote. Babu wa Baba naye alilipa upande wa pili, ukoo ulimtenga alipobatizwa. Na Bibi alilipa Mama alipoolewa kanisani. Hakuingia ndani, ila alikaa kwenye baraza ya nyumba ya jirani mpaka ibada ikaisha, kisha akamfunika bintiye kanga mpya mbele ya watu wote. Shoga zake walimcheka miaka. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyepewa imani yake bure, halafu unashangaa kwamba wanailinda.

Na wewe je? Nilipokuuliza tu, kwa upole, yale mafuta ya upako unanunua shilingi ngapi na nani anakula hizo hela, si ulinikatia simu? Ukakaa mwezi mzima hujibu. Nikauliza tena kuhusu mchungaji wako kuwaambia mtupe dawa za presha, ukanijibu kwamba nina roho ya upinzani. Mimi niliogopea presha yako, maana ndiyo iliyomchukua Mama. Hukusikia hofu, ulisikia matusi. Basi ndivyo ilivyo kwa kila mtu, mdogo wangu, na wewe umo.

Unanitajia Katiba, ibara ya 19, kwamba kutangaza dini ni huru. Ni kweli, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nchi hiyo hiyo ina Kanuni ya Adhabu, na kifungu cha 129 kinasema kutamka neno kwa kusudi la kuumiza hisia za mtu za kidini ni kosa. Waliotunga sheria na waliozirithi waliijua hatari hii. Hata sensa haijatuuliza dini zetu tangu ile ya 1967, na sikuwahi kumsikia Baba akilalamikia hilo. Hubiri. Nenda uwanjani, kanisani, redioni, mwite anayetaka kusikia. Arobaini ya watu si uwanja.

Na usidhani nasema haya kwa kuwa imani yangu imepoa. Mimi namwamini Yesu Kristo, nasali kila siku, na Jumapili hainipiti. Sikubaliani na Mjomba juu ya mambo makubwa, naye anajua, tumeshakaa barazani tukayazungumza mpaka kahawa ikapoa. Aliniuliza, nikamjibu, hakuna aliyenuna, kwa kuwa kila mmoja alijua mwenzake hatamtukania mama.

Sasa nije kwenye kukutoa nje. Unasema nilikuaibisha. Shangazi naye ananiambia mwanamke haingii kwenye jamvi la wanaume akamkokota mwanamume mwenzao. Sawa. Niambieni basi nani angeingia. Wale vijana wa kina Mjomba walikuwa wameshasimama, wawili nimewaona wanakunja mikono ya kanzu. Shehe alikuwa anawashika kwa macho tu. Ningengoja dakika moja, leo tungekuwa na kesi polisi, na pengine na kaburi lingine. Nilikushika mkono kwa sababu mimi peke yangu ndiye ambaye hakuna angeweza kumpiga. Nilikutoa nikakufungia kwenye gari la jirani, nikarudi nikapitisha sinia zilizobaki, kwa kuwa wageni walikuwa hawajala. Ningefanya vile vile kesho. Wewe unasema niliuchagua ukoo nikakuacha. Mdogo wangu, mimi nilikuchagua wewe, ila uliangalia tu kwamba ni mkono wangu uliokuvuta.

Na ile habari ya shamba la michungwa la Baba usiichanganye na hili. Mjomba hakuniambia neno lolote kuhusu mpaka. Ni maneno ya watu. Tutalizungumza mimi na wewe tu.

Tangu siku ile Mjomba hajakusema vibaya, na mimi nimekaa nangoja aseme. Anauliza presha yako inaendaje. Juzi amenipa kadi mbili, anaoza binti yake wa mwisho, yule uliyemfundisha kuendesha baiskeli. Moja ina jina lako, amemwomba mjukuu amwandikie. Nimeiweka kabatini kwangu.

Ukija, usifikie kwangu. Shuka stendi, chukua bodaboda, nenda moja kwa moja kwa Mjomba, umwamkie, ukae. Usimhutubie. Kama huwezi kula nyama yake, kunywa chai, hakuna atakayekulazimisha, lakini mikono yako uitoe ikimwagiwa maji. Mchango wako nimeshautoa, tutahesabiana baadaye. Ukikwama nauli niambie mapema kabla mabasi hayajapanda bei.

Dada yako