Kusini mwa Sudan si Sudan Kusini

Mhariri,

Wiki iliyopita nilisikia katika taarifa ya habari ya redio kwamba mapigano yamezuka "kusini mwa Sudan". Mara mtangazaji akaanza kuwataja viongozi wa Juba. Juba haimo kusini mwa Sudan. Ilikuwamo hadi Julai 9, 2011, Sudan Kusini ilipopata uhuru. Tangu siku hiyo, kusini mwa Sudan ni kwingine: ni kwa mfano jimbo la Kordofan Kusini na mji wake wa Kadugli, ambako watu nao wamekimbia vita. Mwenye ndugu Kadugli aliyekuwa akisikiliza alielewa nini?

Tatizo ni hilo neno fupi, "mwa". Kusini ni kusi, upepo unaovuma katikati ya mwaka, ukatiwa -ni ya mahali. Ndiyo maana hufuatwa na pa, kwa au mwa kama nyumbani na shambani. Na mwa hutuingiza ndani. Mtwara iko kusini mwa Tanzania kwa sababu imo ndani ya mipaka yake. Msumbiji haimo, iko kusini kwa Tanzania, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Herufi moja tu, na tumeshavuka mto.

Sasa tazama msemo ambao magazeti yetu yameuzoea mno: "nchi za kusini mwa Jangwa la Sahara". Ukiusoma ulivyo, hizo ni nchi zilizomo jangwani, upande wake wa kusini. Zambia imo jangwani? Uganda je? Kinachokusudiwa ni kusini kwa Sahara, yaani kuanzia jangwa linakoishia na kwenda chini. Wapo watakaosema msemo umeshakomaa na kila mtu anauelewa. Sikubali. Tukiizoea mwa isiyo na ndani wala nje, hatutakuwa na neno la kuitenga Kadugli na Juba siku tutakapolihitaji, na siku hiyo imeshafika.

Mbona Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika imeitwa sawasawa? Botswana na Namibia zimo Afrika, upande wa kusini, na hakuna anayedhani inasemwa nchi ya Afrika Kusini peke yake. Jumuiya hiyo ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, kwa hiyo wanaojifunza sasa wanasoma tunavyoandika sisi.

Naomba wahariri wako waanze na Sahara. Waandike "kusini kwa Sahara" kuanzia toleo lijalo.

Msomaji wako wa miaka mingi