Injini ya sataranji huanza kwa kuhesabu, si kwa akili unde

Kwa Mhariri,

Vijana wa Kisumu, Nakuru na Kakamega wanaoandika programu za kucheza sataranji wana haraka moja: mtandao wa neva (akili unde inayojifunza kutokana na mifano) siku ya kwanza, kwa kuwa wamesikia Stockfish, injini yaani programu mashuhuri ya kucheza sataranji, inautumia. Wanaisoma historia ya Stockfish kutoka mkiani.

Injini hiyo ilikaa karibu miaka 12 bila mtandao wowote wa neva. Novemba 2008 Mwitaliano Marco Costalba alichukua Glaurung 2.1, programu huria ya Mnorwe Tord Romstad, akaanza kuirekebisha. Jina lilitokana na utani kwamba imetengenezwa Norway ikapikwa Italia, kama stockfish, wale samaki wanaokaushwa Norway. (Mtu wa Dunga, ufuoni hapa Kisumu, angeiita obambla, samaki wetu mkavu, yakaisha.) Mtandao wa neva uitwao NNUE, ambao Mjapani Yu Nasu aliubuni mwaka wa 2018 kwa mchezo wa shogi, sataranji ya Kijapani, uliingizwa Agosti 2020 na kutoka katika toleo la 12 mwezi uliofuata.

Kilichoiinua miaka hiyo ya katikati ni Fishtest, mfumo wa majaribio alioanzisha Gary Linscott mwaka wa 2013. Watu wa kujitolea huazima nguvu za kompyuta zao, na kila badiliko hupambanishwa na toleo lililopo: kwanza michezo ya sekunde 10 na sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila hatua, kisha yanayofaulu hucheza ya sekunde 60. Badiliko zuri huleta pointi moja au mbili tu za Elo, kipimo cha nguvu za uchezaji, na kulithibitisha hudai makumi ya maelfu ya michezo. Mawazo mengi yanayoonekana ya busara hufia hapo.

Sasa anayeanza afanye nini? Ahakikishe kwanza programu inajua kanuni. Kipimo chake huitwa perft: unaihesabisha njia zote za kucheza hadi kina fulani, yaani idadi fulani ya hatua, za pande zote mbili zikihesabiwa. Kutoka mwanzo wa mchezo majibu ni 20, 400, 8,902 na 197,281. Ikikosea hata moja, kuna hitilafu. Lakini wengi hufika 197,281 wakashangilia, na hapo ndipo wanapoponzwa. Askari hawezi kumla kwa kupitia (en passant) askari wa adui aliyeruka nyumba mbili kabla ya hatua ya 5, wala mfalme hawezi kujificha kwa ngome kabla ya hatua ya 7, kwa hiyo kina cha 4 hakijagusa kanuni hizo hata kidogo. Tumia hali ya ubao iitwayo Kiwipete, ambayo majibu yake ni 48, 2,039 na 97,862. Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu: mfalme wako na ngome ya adui wakiwa safu moja, askari wawili katikati, ulaji huo wa kupitia huondoa askari wote wawili kutoka safu hiyo kwa mpigo mmoja na mfalme anabaki wazi. Programu inayokagua askari mmoja mmoja haitaliona hilo.

Pili, vipimo vya nguvu. Ushindi wa 55 kwa 45 katika michezo 100 hausemi kitu. Hiyo ni tofauti ya pointi 35 hivi za Elo, ilhali ukingo wa makosa ni pointi 60 hadi 70 kila upande ikiwa sare ni chache. Kuupunguza kwa nusu, cheza mara nne zaidi. Tena andaa mianzo mingi tofauti, kila mwanzo uchezwe mara mbili kwa kubadilishana rangi. Bila hivyo, programu mbili zisizo na bahati nasibu zinaweza kurudia mchezo uleule, nawe ukadhani una matokeo 100 kumbe unayo mawili.

Joto la Kisumu nalo lina lake. Laptopu ikichemka hupunguza kasi, na anayepima kwa saa hupata jibu jingine mchana na jingine usiku. Pima kwa idadi maalum ya hali za ubao zinazochunguzwa katika kila hatua, mathalani 20,000. Hapo joto halibadilishi kitu. Tahadhari: kipimo hiki huficha gharama ya msimbo mzito, hivyo badiliko linalopunguza kasi lazima lirudiwe kwa saa. Hifadhi matokeo baada ya kila mchezo, maana stima haibishi hodi inapopotea.

Stockfish ina desturi nyingine ya kuigwa, tena haina gharama. Amri ya bench huchunguza hali kadhaa za ubao zilezile na kutoa jumla ya hali zilizopitiwa. Ukisafisha msimbo tu bila kugusa uchezaji, nambari hiyo haipaswi kubadilika hata kwa moja. Ikibadilika, umegusa usichokusudia.

Kuhusu kunakili: Stockfish yenyewe ni tawi la kazi ya mwingine, kwa hiyo hakuna aibu. Ila iko chini ya leseni ya GPL toleo la 3. Anayesambaza injini aliyoijenga juu yake lazima atoe msimbo wake pia. Kubadilisha jina na kuficha msimbo ni kuvunja leseni.

Chuo chenye maabara inayokaa bure usiku kinaweza kugawa michezo kwa mashine 10 na kujumlisha matokeo asubuhi, mradi kila mashine ipewe mianzo yake.

Wapenzi wa sataranji na kompyuta,
Kisumu