Heri ya Mwaka Mpya, pamoja na habari za Yakabi Chōki

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Mwaka Mpya! Wazee wangu, shikamooni. Mliouguza na mliofiwa mwaka uliopita, poleni sana.

Safari hii salamu zangu nimezikopa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani. Kule shughuli ya heri, iwe harusi au Mwaka Mpya, hufunguliwa kwa wimbo uitwao Kajadifū. Huimbwa taratibu mno, kwa sanshin, ala ya nyuzi tatu iliyowambwa ngozi ya chatu, na mara nyingi wachezaji wake huvaa kama mzee na bikizee. Maneno ni machache: furaha ya leo tuifananishe na nini? Na tumba la ua lililopata umande. Basi nanyi nawatakia umande huo.

Nyimbo za namna hii za ufalme wa Ryukyu, uliotawala visiwa hivyo zamani, zimetufikia kwa juhudi za wengi, ila mimi moyo wangu uko kwa Yakabi Chōki, aliyezaliwa 1716. Alianza na uimbaji wa tamthilia za noh za Kijapani, kisha akapofuka, akaishika sanshin. Enzi hizo wimbo ulitoka kinywani mwa mwalimu ukaingia sikioni mwa mwanafunzi, basi. Kipofu huyo ndiye aliyewaachia wenzake maandishi, kunkunshi: herufi za Kichina zinazoonyesha kidole kikae wapi kwenye uzi. Mkusanyo wake una nyimbo 117. Sisi wenye macho mawili, na simu za kurekodi mfukoni, tumewazika bibi zetu wangapi na nyimbo zao?

Yakabi alifariki 1775. Kazi yake iliendelezwa na waliomfuata, hata mwaka 1869 Nomura Anchō na mwenzake wakaandaa mkusanyo mpya kwa amri ya mfalme Shō Tai. Miaka kumi baadaye Japani ikaufuta ufalme wenyewe. Ikulu ikabaki bila mfalme, nyimbo zikabaki na watu. Hata baada ya vita vya 1945, watu wa Okinawa wakiwa kambini hawana kitu, waliunda sanshin kwa makopo matupu na kamba za parachuti za wanajeshi.

Lakini hati ya Yakabi ilionyesha vidole tu. Namna ya kuivuta sauti, kuipandisha na kuikatiza haikuandikwa. Alama za sauti zilikuja kuongezwa karne ya 20, na hadi leo mwanafunzi lazima akae mbele ya mwalimu wake. Kwa hiyo mlio nyumbani sikukuu hii, kabla basi halijawarudisha mjini, mwombeni bibi aimbe. Rekodini, sawa, lakini imbeni naye.

Sikukuu njema, na mnaosafiri mfike salama.