Desemba 10 nayo iwekwe ukutani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, na barazani kwetu maneno yamekuwa mengi juu ya nini kiwekwe ndani ya Beit al Ajaib, jumba letu la makumbusho, jengo litakaposimama tena. Tangu ile Desemba 25, 2020 lilipoporomoka, na roho za watu zikapotea, sie wengine tumebaki kuwaonyesha wageni kwa kidole tu kutoka Forodhani.

Kauli inayopendwa barazani ni hii: rudisheni mtepe, jahazi lile lililoshonwa kwa kamba, wekeni milango, vyombo vya kaure, taarab, karafuu, basi. Mambo ya siasa yaacheni, msifukue makaburi. Wanaosema hivyo nawaheshimu, na baadhi yao wana makaburi ya kweli wanayoyafikiria. Lakini nadhani wamekosea: siasa nazo ziwekwe, na Desemba 10, siku ya uhuru wa 1963, iwe miongoni mwake.

Nianze na pale ninapokula mkate wangu. Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa hadi likafungwa Juni 1873, kuna vyumba vya chini ambavyo kila mgeni huingizwa. Dari fupi, ukijisahau unagonga kichwa. Kwa miaka nilisimulia kwa sauti ya huzuni kwamba humo ndimo walimorundikwa watu wakisubiri mnada. Siku moja mzee aliyekuwa akinisikiliza alinivuta pembeni. "Mwanangu," akaniambia, "jengo la juu hilo wamisheni wamelijenga soko lishafungwa. Humo chini ilikuwa ghala ya dawa za hospitali yao." Niliona haya, nikaenda kuuliza wanaojua. Nikakuta wapo wanahistoria wanaosema vile vile alivyosema mzee, na wapo wanaoshikilia yale niliyokuwa nikisema mimi. Siku hizi nikishuka na wageni nawaeleza yote mawili. Nilikhofu wataniona mwongo, kumbe hapo ndipo wanapoacha kupiga picha wakaanza kuuliza. Na watu waliuzwa pale Mkunazini, hilo halina mjadala, vyumba viwe ghala au visiwe.

Wengine huja na hesabu yao mfukoni: Mwarabu aliuza, Mzungu akakomboa. Hao mimi huwapeleka kwa maneno mpaka Kokotoni, kaskazini mwa Unguja, ambako miaka ya 1860 Mwingereza mmoja alikuwa na shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Nawatajia Wahindi na Waswahili waliomiliki watumwa pia. Nawaeleza amri ya 1897, ambayo mtumwa ilimtaka aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na bwana wake ndiye akalipwa fidia. Masuria hawakupewa haki hiyo mpaka 1909. Sijapata kuona kibao kinachoeleza haya kinagaubaga.

Haya ya utumwa lakini yana nafuu, wahusika wote wameshalala. Tabu yenyewe iko karibu zaidi. Kuna mwalimu aliwahi kuniletea watoto wa skuli kutoka Pemba, na kabla hatujaanza kutembea akaninong'oneza: "Kaka, ukifika kwenye Mapinduzi pitia juu juu, watoto hawa wana wazee wao." Nikapita juu juu. Kijana mmoja nyuma akauliza kama kweli Zanzibar ilipata uhuru mara mbili. Mwalimu akatazama saa yake.

Swali la yule mtoto ndilo ninalotaka lipewe ukumbi. Desemba 10, 1963 Uingereza iliondoka, bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili ikapanda. Kwa wengine huo ndio uhuru. Kwa wengine ulikuwa uhuru wa bandia, na wana hoja: katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu, vyama vya Hizbu na ZPPP kwa pamoja wakapata 18 na wakaunda serikali. Ilipofika Januari 12, 1964, yakaja Mapinduzi. Siku hiyo ina sherehe, gwaride na sikukuu ya taifa. Ile ya Desemba inapita kama siku ya kwenda sokoni. Mtoto akisoma ukutani tarehe moja peke yake, hawezi hata kuelewa kwa nini watu walipindua.

Tena mambo hayaendi kwa rangi kama tulivyozoeshwa. Kiembe Samaki mwaka 1951, wakulima waliokwishaona ardhi yao ikichukuliwa kwa ajili ya kiwanja cha ndege walikataa ng'ombe wao wachanjwe na kuogeshwa dawa. Wakakamatwa, wenzao wakaja juu, polisi wakapiga risasi, watu wakafa. Wazee wanaviita Vita vya Ng'ombe. Wakulima wa huko huko ndio walioanzisha chama kilichokuja kuwa Hizbu mwaka 1955, chama ambacho mie nilikua nikiambiwa kilikuwa cha Waarabu tu. Leo ndege zinawashusha wageni wangu pale pale, na hakuna anayewaambia kitu.

Na waliouawa Januari ile? Idadi inabishaniwa mpaka leo. Basi waandike kwamba inabishaniwa, waweke na makisio yote pamoja na nani aliyeyatoa. Waweke pia Aprili 7, 1972, Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alipopigwa risasi akauawa Kisiwandui, na waliofungwa baada yake. Sitaki makumbusho yatoe hukumu. Nataka karatasi ziwekwe meza moja, na sauti za wazee zirekodiwe, wa mitaa ya Ng'ambo na wa Mji Mkongwe, wa Unguja na wa Pemba. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 ameshavuka 80. Kila msimu wa masika tunazika mmoja wawili.

Kuna babu mmoja Kikwajuni ana bati la biskuti lenye stempu. Mojawapo ilitolewa kwa ajili ya uhuru wa Desemba 1963, na juu yake umegongwa muhuri mweusi: JAMHURI 1964. Posta hawakusubiri kuchapisha nyingine, waligonga juu ya zile zile. Ukiishika karibu na dirisha unasoma maandishi yote mawili, la juu halikulifuta la chini. Mwezi uliopita aliniuliza, nikikupa hii utaipeleka wapi? Nilifikiri kidogo. Akaichukua mkononi mwangu, akairudisha batini, akafunga kifuniko.

Mtembeza wageni,
Malindi, Unguja