Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Charro

Ndugu wanachama,

Hesabu za ada na ukarabati wa mazizi mtasomewa na mhazini. Mimi nataka tuzungumzie kamba.

Tarehe 14 Septemba, Siku ya Charro, yaani mpanda farasi wa jadi wa Mexico, tulipita barabarani kwa kofia pana na vifungo vya fedha, na watu wakatushangilia. Uwanjani mambo yalikuwa magumu. Kati ya michezo tisa ya charrería, mashindano yetu ya farasi na kamba, tulianguka vibaya kwenye piales: kumnasa farasi jike miguu ya nyuma akiwa mbioni, kuizungusha kamba kwenye kichwa cha tandiko, kisha kuiachia iteleze polepole mpaka mnyama asimame. Kamba ikiteleza sawasawa, moshi hutoka kwenye tandiko. Ukikosea, unapoteza kidole. Mchezo huu kijana haupati kwa kuhadithiwa. Lazima asimame na mzee jioni baada ya jioni, na wazee wetu wanaoujua wamebaki wachache mno.

Hofu hii si ngeni. Enzi za utawala wa Hispania, wenyeji wa Mexico walikatazwa kupanda farasi, mpaka wenye mashamba walipohitaji watu wa kuchunga mifugo. Baada ya Mapinduzi ya Mexico mashamba hayo makubwa yalivunjwa, na waliounganisha chama cha taifa mwaka 1921 waliona wazi kwamba kazi ikitoweka, ujuzi nao utatoweka. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza urithi huu kwenye orodha yake. Ni heshima kubwa, ila haimfundishi mtoto kurusha kitanzi.

Kwa hiyo kamati imetenga kila Jumamosi kwa mafunzo ya watoto, bila malipo. Wazee mnaokuja, nawashukuru kwa moyo wote. Msokotaji wetu wa kamba za maguey, ule mmea wa jamii ya mkonge, amestaafu kwa uzee. Tumempata mwingine, naye amekubali kupokea wanafunzi wawili.

Mabinti zetu wanane wa escaramuza, timu ya wanawake wanaopanda farasi kwa kukaa upande, wamefanya mazoezi mwaka mzima saa za jua kali kwa sababu jioni tuliwapa wanaume. Hilo lilikuwa kosa letu, nami nawaomba radhi. Ratiba mpya inawapa jioni mbili kwa wiki.

Mwenye tandiko la mtoto lisilotumika alilete Jumamosi. Geti litafunguliwa saa tisa alasiri.

Mwenyekiti